Matti Kuusi, mtu aliyeifuatilia mvua ya jua dunia nzima

Mvua ikinyesha huku jua linawaka, kwetu tunasema simba anazaa, vuka mpaka uingie Kenya utasikia fisi anazaa. Wazulu wanasema tumbili wanaoana, Makaburu wanasema bweha kamuoa mke wa mbwa mwitu, Wajapani wanasema ni harusi ya mbweha, Wakorea wanasema simbamarara anaoa, Wabulgaria wanamuozesha dubu, Wapolandi wao wanasema mchawi anatengeneza siagi, na watu wa kusini mwa Marekani wanasema shetani anampiga mke wake. Sasa hebu isome tena hiyo orodha taratibu. Hawa watu hawakukaa kikao, wengine hata majina ya nchi za wenzao hawakuwahi kuyasikia, lakini wakiona jua na mvua kwa pamoja wanakwenda kulekule: harusi, uzazi, mnyama wa porini, au kiumbe cha kuogopwa kikiwa na mambo yake ya nyumbani.

Wengi wetu tunashangaa kidogo alafu maisha yanaendelea. Kuna profesa mmoja wa Helsinki yeye hakuishia kushangaa, alizikusanya semi hizo kutoka mabara mbalimbali, akazipanga kwa maumbo, akaangalia ipi iko wapi na jirani yake ni ipi, na mwaka 1957 akatoa kitabu kinene kwa Kijerumani, Regen bei Sonnenschein, ambacho mwanzo mpaka mwisho ni historia ya msemo huo mmoja tu. Msemo mmoja! Tangu nilipojua kwamba kuna binadamu aliyefanya kazi hiyo nimekuwa nikimsoma kila ninapopata nafasi, na leo nataka nimwandike kwa urefu manake kwa Kiswahili sijaona mtu akimzungumzia, na mimi kama mwalimu wa Kiswahili naona anatuhusu sana.

Jina lake ni Matti Kuusi. Alizaliwa Helsinki tarehe 25 Machi 1914, wakati huo Ufini bado iko chini ya mfalme wa Urusi, akafariki Januari 1998. Ndani ya maisha yake nchi ilipata uhuru Desemba 1917, ikaingia vita ya wenyewe kwa wenyewe 1918, ikapigana na Wasovieti mara mbili kati ya 1939 na 1944, ikapoteza kipande kikubwa cha Karelia, eneo la mpakani na Urusi, na watu zaidi ya 400,000 wakalazimika kuhama makwao. Baba yake, Eino Kuusi, alikuwa msomi wa sera za jamii, na mdogo wake Pekka Kuusi ndo yule aliyeandika mwaka 1961 kitabu kilichochora ramani ya huduma za jamii kwa Ufini ya miaka ya sitini. Yaani familia moja, mtu na mdogo wake, mmoja anawaza pensheni na posho za watoto, mwingine anawaza nyimbo za bibi vikongwe wa msituni, na ukifikiria vizuri wote wawili walikuwa wanashughulika na watu wale wale.

Ili umuelewe Kuusi lazima kwanza ujue hizo nyimbo zenyewe. Wafini, Wakarelia na watu wa Ingria (eneo linalozunguka St Petersburg ya leo) walikuwa na ushairi wa mdomo wa kale sana, unaitwa runo. Kila mstari kwa kawaida una mizani 8. Hauna vina mwishoni kabisa. Kinachoushika ni sauti za mwanzo wa maneno kufanana, na pia desturi ya kusema jambo mara mbili, mstari wa kwanza unasema, wa pili unarudia wazo lile lile kwa maneno mengine. Mfano mstari unaojirudia mno kwenye nyimbo hizo ni Vaka vanha Väinämöinen, ukihesabu silabi unapata nane, na unasikia hiyo v inavyogonga mara tatu. Huyo Väinämöinen ni mzee mwenye hekima, mwimbaji, anayeimba mpaka mambo yanatokea.

Sisi watu wa utenzi hiyo mizani 8 inatugusa moja kwa moja, manake kipande cha utenzi nacho ni mizani 8. Ila sisi tumefunga kwa vina, vipande vitatu vinakubaliana na cha nne kinabeba kina kinachokwenda nacho utenzi mzima, wao wamefunga mwanzoni mwa maneno. Alafu utenzi wetu wa kale ni wa watu walioshika kalamu, hati za Kiarabu, Utendi wa Tambuka una nakala ya 1728, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858 na tunajua ni yeye. Runo ni ya watu ambao wengi hawakujua kusoma wala kuandika, wamepokezana vinywani vizazi na vizazi.

Dunia ilizijua nyimbo hizi kupitia Elias Lönnrot, daktari wa wilaya huko Kajaani, aliyekuwa anatembea vijijini anaandika. Mwaka 1834 alifika Latvajärvi kwa mzee Arhippa Perttunen, mzee akamwimbia zaidi ya mistari 4,000 ndani ya siku chache tu. Mwaka 1835 Lönnrot akatoa Kalevala ya kwanza, na 1849 akatoa kubwa yenye sura 50 na mistari 22,795, ambayo ndo watu wanaisoma mpaka leo. Hata kwa Kiswahili ipo, Jan Knappert aliitafsiri na ikatoka 1992. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini Kalevala ni kitabu alichokishona Lönnrot, alichukua nyimbo za watu wengi akaziunganisha, akaongeza maneno yake hapa na pale ili hadithi ishikamane, na ndani ya kitabu huwezi kujua huu mstari ni wa Arhippa au ni wa bibi fulani wa kijiji kingine kabisa. Nyimbo zenyewe kama zilivyotoka midomoni zilichapishwa baadaye na Chama cha Fasihi cha Ufini, ambacho kipo tangu 1831, kwenye mkusanyo unaoitwa Suomen Kansan Vanhat Runot, majuzuu 33 kati ya 1908 na 1948, karibu matini 90,000. Kila moja ina mahali ilipoandikwa, aliyeiandika, na mara nyingi jina la aliyeiimba.

Hapo ndo Kuusi alipochagua upande wake. Yeye Kalevala aliijua kama kiganja chake lakini maisha yake aliyatumia kwenye yale matini 90,000.

Tasnifu yake ya udaktari ilitoka 1949, Sampo-eepos. Sampo ni kitu cha ajabu ndani ya nyimbo hizo, mhunzi Ilmarinen anakifua kwa ajili ya bibi mkuu wa Pohjola, nchi ya kaskazini, na kinasaga chenyewe unga, chumvi na pesa bila kukoma, yule bibi anakifungia ndani ya mlima wa mawe, kina Väinämöinen wanakwenda kukiiba, wanafukuzwa baharini, kinavunjika na vipande vinazama. Ni nini hasa? Wasomi wamegombana karne nzima, kinu, nguzo ya dunia, sanamu ya ibada, kila mtu na lake. Kuusi aliliacha kwanza swali la ni nini akaenda kwenye matini. Alichukua kila toleo la wimbo wa Sampo lililoandikwa popote, akalikata vipande vipande, mstari huu unapatikana kwa nani na kwa nani, unafuatwa na upi, unakosekana wapi, upi unang'ang'ania mahali pake kwa waimbaji wote na upi unahamahama. Ukishafanya hivyo kwa mamia ya matini unaanza kuona lipi ni la zamani na lipi limekuja kubandikwa juu.

Njia hiyo mizizi yake ni ya baba na mtoto, Julius Krohn na Kaarle Krohn. Julius ndo aliyeanza kulinganisha matoleo kwa jiografia, akafa maji mwaka 1888 kazi bado haijaisha, mwanawe Kaarle akaiendeleza, akaijenga mpaka ikawa taaluma yenye uprofesa wake Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 1907 akashiriki kuanzisha umoja wa wasomi wa ngano wa kimataifa ambao mfululizo wake wa vitabu unatoka mpaka leo. Kile kitabu cha mvua ya jua ni namba 171 kwenye mfululizo huo. Kuusi akaongeza la kwake, akasema usiangalie ramani tu, angalia pia mtindo. Wimbo wa kale kabisa unaongea kwa namna yake, wa zama za katikati kwa namna yake, ule uliotungwa baada ya Ukristo kuingia una harufu nyingine, kwa hiyo unaweza kuupanga ushairi wa mdomo kwa zama hata kama hauna tarehe. Mimi ukinisomea beti za Kiamu cha kale na beti za shairi la gazetini nitazitofautisha bila kuambiwa mwaka, na wewe pia. Wapo waliompinga kwamba mtindo ni jambo la hisia mno kulipa tarehe, na pingamizi hilo naona lina uzito, lakini hisia yake ilikuwa imelishwa na maelfu kwa maelfu ya matini, siyo ya mtu aliyesoma vitabu viwili akatoa hukumu.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo siwezi kuiruka. Ujanani, miaka ya thelathini, alikuwa ndani ya AKS, chama cha wanafunzi kilichoanzishwa 1922 na kupigwa marufuku 1944 baada ya vita, na chama hicho kilikuwa cha utaifa mkali, kilikuwa na ndoto ya Ufini kubwa inayomeza Karelia ya mashariki iliyokuwa mikononi mwa Wasovieti. Na hoja yao mojawapo ilikuwa nyimbo hizi hizi. Nyimbo zetu ziliimbwa kule, kwa hiyo kule ni kwetu. Hili linaniuma na nalisema wazi, manake mtu anayependa fasihi ya watu wake yuko karibu sana na mtu anayeitumia kudai ardhi ya wengine, na vijana wengi wenye akili nzuri walivuka hapo bila kujiona. Waliolipa gharama kubwa ni waimbaji wenyewe na watoto wao. Watu wa Ingria kama 63,000 walihamishiwa Ufini wakati wa vita, vita ilipoisha wengi wao, kama 55,000, wakarudishwa Umoja wa Kisovieti, na hawakurudishwa vijijini kwao, walitawanywa.

Mimi nikimsoma Kuusi wa baada ya 1945 naona mtu ambaye macho yake yamefunguka kwa upana mwingine kabisa. Kitabu cha mvua ya jua hakina "sisi ndo wenye asili," kina Wafini katikati ya Wajapani na Waafrika na Wahindi, wote wanaangalia wingu moja. Sidai najua yaliyokuwa moyoni mwake, nasema ninachokiona kwenye kazi.

Mwaka 1959 akawa profesa wa ushairi wa jadi, kiti alichokuwa amekikalia Martti Haavio kabla yake, akakaa mpaka 1977. Mwaka 1963 akatoa kitabu ambacho kwangu mimi jina lake peke yake ni tamko, Kirjoittamaton kirjallisuus, yaani fasihi isiyoandikwa. Hicho ndo juzuu la KWANZA la historia ya fasihi ya Ufini. Hebu fikiria. Nchi inaandika historia rasmi ya fasihi yake, na juzuu zima la mwanzo linapewa watu ambao hawakuandika neno, linawachambua kwa zama, kwa mitindo, kwa uzito ule ule watakaopewa washairi wenye vitabu. Sasa linganisha na tunavyofundisha sisi. Fasihi simulizi ni mada, tunaipa fasili, tunaipa tanzu, tunaipa dhima (kuelimisha, kuburudisha, kuonya, wote tunazijua kwa moyo), methali kumi za mfano, mada imekwisha, twende kwenye riwaya. Hakuna anayeuliza hii methali ilisemwa na nani, wapi, akimwambia nani, na jirani wa kijiji cha pili anaisemaje. Wanafunzi wangu wanajua methali ni nini lakini hawajawahi kuambiwa kwamba methali moja inaweza kuwa utafiti wa maisha.

Na methali ndo zilikuja kumchukua Kuusi moja kwa moja. Mwaka 1953 alishatoa mkusanyo mkubwa wa hekima za methali za Kifini. Mwaka 1965 akaanzisha Helsinki jarida la kimataifa la methali tupu, Proverbium, likatoka mpaka 1975, matoleo 25. Kwenye jarida hilo wasomi wa methali kama Archer Taylor wa Marekani, Loukatos wa Ugiriki na Permyakov wa Moscow walikuwa wanasomana, na hii ni miaka ya vita baridi, wakati ambapo barua ya kawaida tu kutoka Moscow kwenda Marekani ilikuwa mashaka. Ufini ilikuwa imekaa katikati ya pande mbili na Kuusi akaitumia nafasi hiyo kwa methali. Jarida lilipokufa, Wolfgang Mieder akalifufua Marekani mwaka 1984 kama kitabu cha kila mwaka, jina lile lile.

Sasa nieleze kidogo alichofundisha kuhusu kuzilinganisha, manake hiki ndo chombo ninachokitumia darasani siku hizi. Kuusi alisema methali ina vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya: wazo lake, muundo wa sentensi yake, na kiini cha picha yake. Chukua Haba na haba hujaza kibaba. Alafu chukua Bandu bandu huisha gogo. Muundo ni ndugu kabisa, kitu kidogo kinarudiwa mara mbili alafu kinaleta matokeo makubwa. Lakini wazo limegeuka, moja inajaza, nyingine inamaliza. Ongeza Chovya chovya humaliza buyu la asali, hapo wazo ni lile la gogo lakini picha imehama kutoka porini imekuja jikoni. Sasa mtu akikuambia methali fulani ya Kifini "inafanana" na ya Kiswahili, swali la kwanza ni inafanana kwa kipi, kwa wazo, kwa muundo, au kwa picha? Wazo likifanana peke yake haikuambii kitu kuhusu historia, binadamu wote wanajua haraka ina hasara, Wafini wanasema Hiljaa hyvä tulee, taratibu huleta jema, na sisi tuna yetu ya haraka na baraka, hakuna aliyemwazima mwenzake. Ila picha ikifanana, hasa picha ya ajabu kama ya mnyama kuoa mvua ikinyesha na jua linawaka, hapo una kazi ya kufanya.

Na Afrika? Afrika iko ndani ya kazi yake kwa vitabu viwili vizima. Wamisionari wa Kifini walifika kwa Waovambo, kaskazini mwa Namibia ya leo, mwaka 1870. Mmoja wao, Martti Rautanen, mzaliwa wa Ingria, alikaa Olukonda mpaka kufa kwake 1926, Waovambo walimwita Nakambale, na pamoja na tafsiri ya Biblia kwa Kindonga alikuwa anaandika methali. Baadaye Emil Liljeblad naye akakusanya maelfu ya kurasa za mapokeo, nyingi zikiwa zimeandikwa na Waovambo wenyewe. Karatasi zote zikaishia Helsinki. Kuusi akazifungua, na mwaka 1970 akatoa Ovambo Proverbs with African Parallels, kila methali ya Waovambo akaiweka pamoja na wenzake wa sehemu nyingine za Afrika, na 1974 akatoa cha vitendawili vyao.

Nina maoni yangu hapa. Kwanza namshukuru, kwa sababu karatasi zingeweza kukaa zimefungwa mpaka zikaliwa na panya, na yeye aliziona kuwa ni kazi ya profesa mkuu wa ushairi wa Kifini, hakuzitupia msaidizi. Hakusema Afrika ni ya watu wa Afrika niachieni Sampo yangu. Pili, naamini Waovambo waliosema na kuandika methali zile wanastahili kutajwa majina yao kwa namna ile ile anavyotajwa Arhippa Perttunen, au Larin Paraske, yule mama wa Ingria aliyemwimbia mchungaji Neovius mistari zaidi ya 32,000 na akafa maskini mwaka 1904 lakini leo kila Mfini aliyekwenda shule anamjua. Huo ndo usawa wenyewe. Kuusi mwenyewe aliuelewa, manake mwaka 1983, akiwa ameshastaafu, alitoa kitabu kizima kuhusu mwimbaji mmoja tu asiye maarufu, Maria Luukka wa ncha ya magharibi ya Ingria, nyimbo zake na maneno yake ya uganga, ili ajulikane kama mtu na siyo kama "chanzo".

Sisi tunaye wa kufanana naye na tunamsahau. W. E. Taylor alitoa mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka 1891, kila msomi anamtaja Taylor. Taylor huyo huyo alifanya kazi Mombasa na Mwalimu Sikujua, na bila Mwalimu Sikujua mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yangekuwa yameshapotea. Mwalimu Sikujua anatajwa kwenye tanbihi. Baadaye Albert Scheven akatoa mwaka 1981 mkusanyo wa methali zaidi ya elfu, mzuri sana, niko nao mezani kila siku. Lakini tuliyonayo karibu yote ni orodha, methali na maana yake, methali na maana yake, hatuna ile ya Suomen Kansan Vanhat Runot inayosema hii ilisemwa Pate na mama fulani, hii ilisemwa Bagamoyo na mvuvi fulani, huyu anaanza hivi yule anamalizia vile. Na muda unakwenda jamani, wazee wanaondoka. Siyo methali za kale tu, misemo ya kanga na ya daladala nayo ni mali, inazaliwa na kufa mbele ya macho yetu na ni wachache mno wanaoiandika tarehe.

Mwaka 1985 Ufini ilisherehekea miaka 150 ya Kalevala na mwaka huo huo Kuusi akapewa cheo cha Akademiko, heshima ambayo wanaipata wachache sana kwa wakati mmoja. Mwaka huo pia akatoa na wenzake Proverbia septentrionalia, aina 900 za methali za Kifini na za lugha ndugu zake zikilinganishwa na za Kirusi, za Kibalti, za Kijerumani na za Skandinavia. Hakupumzika. Na ule mkusanyo mkubwa wa runo, ambao watu walidhani uliisha 1948, yeye na Senni Timonen wakauongezea juzuu la 34 mwaka 1997, wakaweka ndani yake nyimbo zilizokuwa zimeachwa nje, za makusanyo ya Florinus, Ganander, Lönnrot na Porkka. Alikuwa na miaka 83. Miezi michache baadaye akafariki.

Kazi moja aliiacha njiani, mfumo wake wa kupanga methali za dunia nzima, na aliyeubeba ni binti yake, Outi Lauhakangas, aliyeuchapisha kikamilifu mwaka 2001, na sasa upo mtandaoni mtu yeyote anaweza kuutumia. Una mada kuu 13, madaraja 52 na makundi madogo 325. Mada zinakwenda kwa herufi, kuna maarifa ya mazingira, imani, maadili, maisha ya kijamii, mahusiano, mawasiliano, mpaka T ambayo ni wakati.

Nimeanza kuzipitisha methali zetu humo na wanafunzi wangu, polepole, na tuliyokwama nayo sasa hivi ni ya mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiangalia Ulaya nzima kuna methali ya mgeni na samaki, wote wananuka siku ya tatu. Siku tatu tena! Alafu kuna hadithi ya Mtume kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu na inayozidi hapo ni sadaka, na hii kwa watu wa pwani haiwezi kuwa mbali na methali yetu. Kwa hiyo ile tatu yetu huenda haikutoka kwa samaki wa Wazungu kabisa, na hapa naona picha ni tofauti pia, wao mgeni ananuka, sisi mgeni anapewa kazi, anakuwa mtu wa nyumbani kwa nguvu. Sasa lililotukwamisha ni ule wimbo wa Unguja ambao karibu kila mtoto wa pwani ameusikia, mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, mle ndani siku ya tatu nyumbani hamuna kitu, na jembe linakuja siku ya nne. Mbona methali inasema tatu na wimbo unasema nne? Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akasema mwalimu angalia vina, kwanza inataka panza, tatu inataka kitu, nne ndo inakubali akalime na muagane, jembe halina pa kukaa kwenye siku ya tatu. Nadhani yuko sahihi, wimbo umelisogeza jembe siku moja mbele kwa ajili ya kina. Sasa tunatafuta wanaousema huo wimbo tofauti, Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu, na kila tunayempata tunaandika jina lake, kijiji chake, na alijifunza kwa nani.